Dozi Umemaliza, Tumbo Linawaka Tena

Leo tukae chini tuongee taratibu, kwa sababu swali hili linanijia kila kukicha kwa sura mbalimbali, na ndani yake nasikia watu waliochoka. Mmoja anasema: "Dada, nilipima nikaambiwa nina H. pylori. Nikameza dozi yote, nikapata nafuu kabisa. Mwezi haujaisha, tumbo limeanza kuwaka upya, na kipimo nilichorudia kinasema bado ninao." Mwingine yuko kwenye dozi ya tatu na ulimi hausikii tena ladha ya chakula. Mwingine ameambiwa na jirani kwamba vidonda vya tumbo haviponi, ni ugonjwa wa kuzeeka nao, naye ameamini.

Vidonda vya tumbo vinapona, mdogo wangu, na wengi wakishapona havirudi. Hilo nalisema bila kigugumizi. Na wewe uliyeshika hela mkononi ukielekea famasi kununua pakiti nyingine ya dawa, nakuomba usubiri kidogo. Maumivu yanayorudi baada ya dozi yana sababu zaidi ya moja, na huyo bakteria H. pylori ni sababu mojawapo tu. Ukimeza antibayotiki kwa maumivu ambayo yeye hakuyaleta, unaliumiza tumbo bure, na unaharibu dawa ambayo huenda ukaihitaji kweli siku nyingine.

Tumbo la mtu mzima linatoa maji ya kusagia chakula kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na ndani yake mna asidi kali. Asidi hiyo si adui. Inaua vijidudu vingi tunavyovimeza, inaanza kazi ya kuvunja nyama na maharage, inausaidia mwili kupata madini ya chuma na vitamini B12. Kinachozuia isitule sisi wenyewe ni ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Kidonda kinatokea pale ute huo unapozidiwa, ama kwa sababu kuna kitu kimeudhoofisha, ama asidi imezidi kiasi, ama vyote viwili kwa pamoja. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Zagreb, Karl Schwarz, aliweka kanuni kwamba pasipo asidi hapana kidonda, na kwa zaidi ya miaka 70 madaktari waliishi kwa kanuni hiyo. Wagonjwa walinyweshwa maziwa, walilishwa vyakula laini, walipasuliwa ili kukata neva zinazochochea asidi, na kuanzia miaka ya 1970 wakapewa vidonge vya kuipunguza. Vidonda vilifunga vizuri tu. Lakini mtu akiacha vidonge, mara nyingi kidonda kilirudi ndani ya mwaka mmoja.

Waliotegua kitendawili hicho ni watu wawili wa Perth, Australia. Robin Warren, aliyekuwa akichunguza vipande vya nyama ya tumbo kwa darubini, aliona vijidudu vilivyopinda pinda kwenye ute wa wagonjwa wengi. Daktari kijana Barry Marshall akaungana naye kujaribu kuviotesha maabara, ikashindikana mara nyingi, mpaka Pasaka ya mwaka 1982 sahani zilipoachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu, na vijidudu vikaota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha vijidudu hivyo. Siku chache baadaye akaanza kichefuchefu na kutapika, na tumbo lake lilipochunguzwa lilikutwa limevimba ukutani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, na walistahili, kwa sababu walibadilisha maisha ya wagonjwa. Kidonda kilichosababishwa na bakteria huyu, ndiye H. pylori, akiondolewa kweli, kinarudi kwa watu wachache sana, chini ya mmoja kati ya kumi.

Nimeyasimulia haya kwa sababu wengi wenu mnatibiwa leo kana kwamba mwaka 1982 haujafika. Mtu anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, mwaka wa tatu huu, akiacha anaumia, akirudi kwenye vidonge anapona, na hajawahi kupimwa bakteria hata mara moja. Na upande wa pili wapo wanaotibiwa kana kwamba bakteria ndiye jibu la kila kitu, na asidi imesahaulika. Vyote viwili vinahitaji kuangaliwa, kila kimoja kwa swali lake: je, bakteria ameondoka? Na asidi yako sasa hivi inafanya nini?

Tuanze na swali la kwanza, kwa kuwa hapo ndipo pesa zenu nyingi zinapopotelea.

Nauliza kila anayeniambia "kipimo kimesema bado ninao": walikutoa nini, damu au choo? Tisa kwa kumi jibu ni damu. Wamechoma kidole, wametia tone kwenye kile kipande cha plastiki, mistari miwili ikatokea. Sasa sikiliza vizuri, mdogo wangu. Kipimo hicho cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwatengeneza kupigana naye, na askari hao hawaondoki siku bakteria anapokufa. Wanabaki kwenye damu miezi mingi, kwa wengine miaka. Ni kama majivu jikoni: yanakuambia moto uliwahi kuwaka, hayakuambii kama bado unawaka. Kwa hiyo mtu aliyepona kabisa anaweza kupimwa damu leo, kesho na mwakani, kila mara akaonyesha mistari miwili, na kila mara akauziwa dozi. Hili linanikera kutoka moyoni, kwa sababu nimekaa nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi na nimewaona kina mama wakikunja kadi za kliniki na noti za mwisho za mwezi kununua antibayotiki za ugonjwa ambao hawana.

Kipimo cha kujua kama umepona ni cha choo kikubwa, kile kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe, yaani antijeni. Kingine ni kipimo cha pumzi, ambapo unameza kidonge au maji yenye urea halafu unapuliza kwenye kifuko. Bakteria huyu anaishi ndani ya asidi kwa sababu ana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, ambayo inapooza asidi inayomzunguka. Kama yupo, urea uliyomeza itavunjwa, na alama yake itaonekana kwenye pumzi yako. Kipimo cha pumzi hakipatikani kila mahali kwetu, lakini cha choo kipo katika maabara nyingi za mijini, na kinatosha kabisa.

Ila wakati wa kupima ni muhimu kama kipimo chenyewe. Baada ya kumeza antibayotiki ya mwisho, ngoja wiki nne zitimie. Ukimaliza dozi tarehe 1, usipeleke choo maabara kabla ya tarehe 29. Ukiwahi, bakteria wachache waliobaki wamejificha na kipimo kitakudanganya kwamba umepona. Na omeprazoli na ndugu zake wote, pantoprazoli, esomeprazoli, lansoprazoli, ziache wiki mbili kabla ya kipimo, maana nazo zinamnyamazisha bakteria asionekane. Kiungulia kikikusumbua katika wiki hizo mbili, tumia dawa ya kutafuna au ya maji ya kupooza asidi, hiyo haiharibu majibu. Lakini kama umewahi kutapika damu, au unatumia aspirini ya moyo, usiache omeprazoli kwa maneno yangu. Mwulize daktari wako kwanza.

Sasa hapo penye kuacha omeprazoli ndipo penye siri ambayo wengi hawajaambiwa, na ndiyo inayowafanya watu waapie kwamba ugonjwa umerudi.

Omeprazoli inafunga zile pampu ndogo zinazomwaga asidi ndani ya tumbo. Mwili unaona asidi imepungua, nao haukubali. Unaongeza homoni iitwayo gastrini, na homoni hiyo inahimiza chembe za kutoa asidi zijiandae zaidi. Muda wote unapomeza dawa huoni lolote, kwa kuwa pampu zimefungwa. Siku ukiacha ghafla, pampu zinafunguka, na gastrini bado iko juu. Asidi inakuja kwa wingi kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza matibabu. Unaamka usiku kifua kinawaka, maji machungu yanapanda kooni, tumbo linauma, na unajiambia: kidonda kimerudi.

Huenda hakijarudi. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichukua watu 120 wazima, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Nusu wakapewa esomeprazoli kwa wiki nane kisha vidonge visivyo na dawa, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa tangu mwanzo. Katika wiki zilizofuata baada ya dawa kusimamishwa, asilimia 44 ya kundi la kwanza walipata kiungulia, maji machungu au maumivu ya tumbo. Kundi la pili walikuwa asilimia 15. Watu wazima kabisa, mdogo wangu, walipata dalili za tumbo kwa kuacha dawa ya tumbo. Fikiria wewe ambaye tumbo lako lilikuwa na shida tangu awali.

Hali hiyo hupita yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki kadhaa. Aliyemeza kwa wiki mbili tu za dozi mara nyingi hata haisikii. Aliyemeza kwa miezi anatakiwa ashuke ngazi kwa ngazi: kama alikuwa anameza mara mbili kwa siku, abaki na mara moja kwa wiki mbili, kisha siku moja anameza na siku moja anaruka, huku akiwa na dawa ya kutafuna karibu kwa siku mbaya. Ale mapema jioni, asilale chali saa ile ile aliyotoka mezani. Zungumza na daktari au mfamasia kuhusu mpango wako huo, akupe ratiba inayokufaa wewe. Na wako watu ambao hawapaswi kuacha kabisa, kama waliowahi kuvuja damu na bado wanahitaji aspirini au dawa za maumivu. Kwao omeprazoli ni ngao, waimeze bila wasiwasi.

Haya, njoo sasa kwenye mkoba wako. Ufungue. Nataka kuona vidonge vilivyomo.

Baada ya bakteria, kinachotoboa matumbo zaidi ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu, asidi mefenamiki ya maumivu ya hedhi. Ute ule unaolinda ukuta wa tumbo unategemea vitu viitwavyo prostaglandini ili ujijenge upya. Dawa hizi zinaondoa maumivu kwa kuzuia prostaglandini, na hazichagui kuzuia za goti peke yake. Za tumbo nazo zinazimwa. Ndiyo maana kuchoma sindano ya diklofenaki badala ya kumeza kidonge hakulisalimishi tumbo: dawa inafika kwa njia ya damu. Wengi mnaniambia, "Dada, mimi nachoma tu, simezi." Ni yale yale.

Nawaona sana wanawake wa makamo, goti linauma, mgongo unauma, amesimama sokoni kutwa. Anapita dukani anafungiwa kwenye karatasi vidonge vitatu vya rangi mbalimbali, hajui majina yake, anameza akiwa hajala. Amefanya hivyo mwezi mzima. Amemaliza dozi ya H. pylori vizuri, bakteria amekufa, na karatasi ile bado iko kwenye mkoba. Kidonda kimerudi kwa mlango mwingine. Usikubali kumeza kidonge usichokijua jina, mdogo wangu, hata ukipewa na mtu mwema. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, ambayo haichimbi tumbo kwa namna ile, ila usipitishe gramu nne kwa siku, na kama ini lako lina shida au unakunywa pombe, mwulize mtaalamu kiasi chako. Kama huwezi kuishi bila dawa kali za viungo, daktari atakupa pamoja na omeprazoli ya kukulinda. Na kama mzazi wako anatumia aspirini ndogo kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi, isitupwe kwa hofu ya tumbo. Apelekwe kwa daktari, wapo walioacha ghafla wakapata kiharusi kingine.

Sigara nayo inachelewesha kidonda kupona na inapunguza nguvu ya dozi. Unalijua hilo.

Inatokea pia kwamba kipimo sahihi cha choo, kilichofanywa kwa wakati wake, kinasema bakteria bado yupo. Hapo hakuna ubishi, atibiwe tena, kwa sababu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Wengi wanaoishi naye hawapati saratani, lakini kidonda kilichorudi naye ndani hakiachwi. Tujiulize tu kwa nini hakufa.

Mara nyingi ni kwa sababu omeprazoli haikupewa heshima. Watu wanadhani ndani ya ile pakiti antibayotiki ndizo dawa zenyewe, na kile kidonge kingine ni cha kutuliza tu. Sivyo. Asidi kali inaharibu baadhi ya antibayotiki kabla hazijafanya kazi, na bakteria mwenyewe akiwa ndani ya asidi analala, hazaliani, na antibayotiki nyingi zinamwua vizuri anapozaliana. Omeprazoli inapopunguza asidi, bakteria anaamka, anaanza kugawanyika, na hapo ndipo anapigwa. Ukiiruka, umempa nafasi ya kujificha. Imezwe nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula, asubuhi na jioni, kwa sababu pampu za asidi zinafungwa vizuri pale chakula kinapoziamsha. Ukimeza baada ya kushiba, au usiku ukienda kulala, unapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Sababu nyingine ni siku. Dozi inayoaminika leo ni ya siku 14. Anayeishia siku ya saba kwa sababu maumivu yamekwisha, au kwa sababu mdomo una ladha ya chuma kutokana na metronidazoli, yaani flajili, anabakiza wale wagumu. Ladha hiyo inaudhi, najua, na kuharisha kidogo kunatokea. Vumilia, na usiguse pombe katika siku za metronidazoli.

Kisha kuna usugu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori asiyesikia antibayotiki ya klarithromaisini miongoni mwa vimelea ambavyo dunia inahitaji haraka dawa mpya dhidi yake. Na metronidazoli kwetu tumeimeza mno. Tumbo likikoroga, flajili. Amiba, flajili. Mtoto akiharisha, flajili. Bakteria aliyekuwa kimya tumboni miaka yote hiyo alikuwa anaionja kila mara. Kwa hiyo dozi ya pili haipaswi kuwa pakiti ile ile ya kwanza. Kama mara ya kwanza ulipewa klarithromaisini, mwambie daktari, asikurudishie hiyo hiyo. Mpango unaotumika sana baada ya kushindwa ni wa dawa nne: ya kupunguza asidi, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa siku 14. Bismuthi itafanya ulimi na choo viwe vyeusi, usiogope. Tetrasaiklini usiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu, na mjamzito hapewi kabisa. Kwa mjamzito kwa kawaida matibabu ya bakteria yanasubiri mpaka ajifungue.

Naomba niseme jambo moja kuhusu ndoa, maana nimeliona likileta machozi. Mke anapimwa, anakutwa na bakteria huyu, na mume au mama mkwe anaanza kumtengea kikombe na sahani, wengine wanasema kaletwa na tabia mbaya. Hapana. Bakteria huyu wengi wetu tumempata utotoni, ndani ya nyumba tulizozaliwa, kwa mate, kwa matapishi, kwa maji na mikono isiyo safi, kwa chakula ambacho bibi alikitafuna kwanza ndipo akamlisha mjukuu. Mkeo huenda alikuwa naye kabla hata hamjajuana, na huenda wewe pia unaye. Mtu mzima aliyetibiwa akapona anaweza kumpata tena, hasa kwenye nyumba yenye msongamano, lakini hilo hutokea mara chache kuliko dozi kushindwa. Kama ndani ya nyumba kuna mwingine mwenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu, naye apimwe kwa kipimo cha choo. Sahani hazihitaji kutengwa. Zinahitaji kuoshwa, na mikono pia, na watoto walishwe kwa kijiko chao.

Kuhusu chakula sitakaa sana. Pilipili haileti kidonda, wala maharage, wala ndimu. Vinaweza kuuma kwenye kidonda kilichopo, na kama kitu fulani kinakuumiza wewe, kiache kwa muda. Maziwa yanapooza kwa dakika chache kisha yanachochea asidi mpya, kwa hiyo si dawa. Kinachonitia huzuni ni mtu aliyekatazwa maharage, choroko, kabichi, nyanya, machungwa, chai na nyama, amebaki na uji mweupe na amekonda mpaka watu wanamnong'ona. Kula, mdogo wangu. Mwili unaohitaji kuziba kidonda unahitaji protini.

Na sasa nisikilizeni kwa makini, hasa mnaotunza wazee. Kuna siku ambayo hutakiwi kusoma kona hii wala kwenda famasi, unatakiwa kwenda hospitali usiku huo huo. Choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, na hunywi vidonge vya kuongeza damu wala bismuthi. Ukitapika damu, au kitu kinachofanana na unga wa kahawa. Maumivu makali ya ghafla na tumbo likakakamaa halishikiki. Kizunguzungu cha kuanguka, jasho baridi, moyo kwenda mbio. Mzee anayetumia dawa za maumivu anaweza kuvuja damu bila kulalamika tumbo hata siku moja. Unachoona ni kwamba amechoka, amepauka, anahema akipanda ngazi.

Dalili nyingine hazihitaji gari la wagonjwa, lakini zinahitaji endoskopia: kukonda bila sababu, chakula kukwama kikishuka, kushiba kwa matonge mawili, upungufu wa damu usioeleweka, kutapika kila mara, au tumbo kuanza kuuma kwa mara ya kwanza ukiwa umeshakula chumvi nyingi. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zinaifanya. Watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Unafunga kula tangu usiku, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, wengine wanachomwa ya usingizi, mpira mwembamba wenye kamera unapita, na kwa kawaida ni dakika chache. Kidonda kilicho ndani ya tumbo lenyewe, tofauti na kilicho mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kinachukuliwa vipande vidogo vya kupimwa, kwa sababu saratani changa wakati mwingine hufanana nacho na hata hupata nafuu kwa omeprazoli. Ukiambiwa urudi baada ya wiki kadhaa kuangaliwa kama kimefunga, rudi, hata kama huumwi.

Wako pia ambao watapimwa vyote na havitaonekana kidonda wala bakteria, na bado tumbo linawaka. Msiwadharau, na wao wasijidharau. Kuna asidi inayopanda kooni kwa sababu ya kutofunga vizuri kwa mlango wa juu wa tumbo, kuna mawe ya nyongo, kuna tumbo ambalo neva zake zinasikia maumivu kuliko kawaida. Kila kimoja kina matibabu yake, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa pakiti ya H. pylori.

Mmeniuliza wengi pia kuhusu Ramadhani. Kama una kidonda kilichothibitishwa na bado hakijafunga, au umewahi kuvuja damu, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, na ruhusa ya mgonjwa ya kulipa baadaye ipo kwa ajili yako. Kama umepona na tumbo limetulia, wengi hufunga bila shida. Omeprazoli ya mara moja kwa siku inaweza kumezwa kabla ya futari au kabla ya daku. Lakini dozi ya dawa nne, ambayo vidonge vyake vingine ni mara nne kwa siku, haiwezi kubanwa kati ya Magharibi na Alfajiri ikafanya kazi yake. Ihesabu nyuma: kama zimebaki wiki mbili kamili na zaidi, anza leo umalize kabla. Kama zimebaki siku chache na daktari ameona unaweza kusubiri, funga kwanza, uanze dozi baada ya Idi, na tarehe ya kipimo cha choo iandike kwenye kalenda siku ile ile unayomeza kidonge cha mwisho.